Picha ya Shamba Lililo Chini ya Maji

Rangi ya kwanza aliyoikataa Nthenya ilikuwa kijani. Nilikuwa nimemtandazia nyuzi za kijani aina saba juu ya kaunta, kuanzia ile ya majani ya chai hadi ile ya chupa, maana alikuwa ameniambia anataka kudarizi picha ya shamba, na kwa miaka yote niliyouza nyuzi mjini Machakos sikuwahi kuona mtu akianza shamba kwa rangi nyingine. Aliziangalia moja moja, akazirudisha.

"Mama Kahiga, uko na rangi ya udongo?"

"Udongo gani? Ule mwekundu? Wa mfinyanzi?"

"Sijui," akasema. "Hiyo ndiyo shida yangu."

Huo ulikuwa mwaka wa 1998, mvua ya El Nino ikiwa imetuacha juzi tu na barabara ya nyuma ya soko bado ina mashimo ya kuogea bata. Jina langu ni Waithira, lakini wateja wote wananiita Mama Kahiga kwa sababu ya mwanangu wa kwanza. Nilitoka Murang'a na marehemu mume wangu kuja kufanya biashara, nikabaki. Duka langu ni dogo: vifungo, zipu, uzi wa cherehani, uzi wa sweta, na nyuzi za kudarizi vitambaa vya makochi. Wateja wangu nawajua kwa maua yao. Huyu ni wa waridi, yule ni wa tausi, yule mwingine kila mwaka ni bata wawili na maneno "Karibu Wageni".

Nthenya nilimjua kama msichana wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa akitia vifungo na kupinda suruali kwa fundi mmoja wa suti hapo juu mtaani. Mishono yake ilikuwa midogo kama punje za wimbi. Na alikuwa muulizaji. Kwa mfano, nilikuwa na robota la kanvasi ambalo nililibeba kutoka Nairobi kwa makosa, kile kitambaa kigumu chenye matundu kama chandarua, ambacho watu hukijaza nyuzi za sufu mpaka chenyewe kisionekane tena. Lilikaa juu ya rafu miaka minne. Wateja wote walilipita kama wanavyopita ukuta. Nthenya ndiye aliyeuliza hiyo ni nini, inashonwaje, na kwa nini matundu yake ni ya mraba. Nilimfundisha mishono mitatu niliyoijua. Wiki iliyofuata alirudi na kipande chenye mishono kumi na moja, minane akiwa ameibuni mwenyewe.

Sasa alikuwa anataka kanvasi ya upana wa mikono miwili, na hajui rangi ya udongo.

"Shamba lenyewe liko wapi?" nikamuuliza. "Si uende uliangalie?"

"Liko chini ya maji," akasema.

Ndipo akanieleza. Kwao kulikuwa kando ya mto Tana, upande wa Masinga. Bwawa lilipojengwa, familia yao ilihamia Ndithini, naye akiwa na miaka mitatu mgongoni mwa mama yake. Hakumbuki chochote. Baba yake alifariki wakiwa wameshahama, na hakuna aliyekuwa na kamera siku zile. Mama yake, Munyiva, alikuwa akizungumza juu ya mahali hapo kila akipika, kila akisuka kikapu cha kyondo, lakini Nthenya alikuwa hajawahi kupaona hata kwenye karatasi.

"Kila nikimsikiliza najiuliza kama ninavyopaona kichwani ndivyo palivyokuwa," aliniambia. "Nataka kujua. Nikishona atanikosoa."

Nilimkatia vipande vya kila uzi niliokuwa nao, urefu wa kidole, akavizungusha kwenye kadi ya boksi la viatu. Jumamosi hiyo akaenda navyo Ndithini kwa mama yake.

Jumatatu alikuwa dukani kabla sijamaliza kufungua.

"Mama Kahiga, mama yangu hataji rangi hata moja!"

Munyiva alikuwa amewekewa kadi ile mapajani. Alipoulizwa udongo ulikuwa rangi gani, akajibu ulikuwa kama ugali wa mtama, ule unaobaki chini ya sufuria. Mto? Mto ulikuwa chai ya maziwa. Nthenya akamwonyesha uzi wa buluu, mama akaucheka, akauliza ni nani aliyewahi kuona maji ya Tana yakiwa buluu. Na alipoulizwa habari ya mbingu, akasema, "Hatukuwa tunaangalia juu. Tulikuwa tunaangalia mbuzi."

Basi tukaanza kazi ya kutafsiri. Nasema tukaanza, kwa sababu nilijikuta nimeingia. Mteja akija kununua zipu ananikuta nimeshika donge la uzi wa kahawia mlangoni kwenye jua, najaribu kukumbuka sufuria ya ugali wa mtama inavyokuwa ikiachwa mpaka asubuhi. Chai ya maziwa tuliipata, ilikuwa imejificha katika uzi wa sweta za shule moja ya hapa. Mbingu Nthenya aliipa mistari minne tu juu kabisa, rangi ya majivu meupe, akaiacha hapo. Udongo ulitushinda. Kila rangi aliyoipeleka Ndithini ilirudi. Moja ilikuwa udongo wa Kangundo, mama alisema. Nyingine ilikuwa udongo wa wafu.

Mishono nayo ilikuwa na maswali yake. Maji aliyashona kwanza kwa mishono mirefu iliyolala, yote sawa, yakatoka kama mkeka. Akayafumua. Akaenda kumuuliza mama yake, maji yalikuwa yanaenda haraka au polepole?

"Katikati yalikuwa na haraka," mama akamwambia. "Kando yalikuwa yanasimama simama, kama watu waliokutana njiani."

Nthenya akarefusha mishono ya katikati mpaka ikaruka matundu sita kwa mara moja, na ile ya kando akaifanya mifupi, mingine ikielekea huku, mingine kule. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilivuta kiti nikakaa. Uzi ulikuwa uleule wa sweta za shule, lakini ulikuwa unaenda. Boma la mbuzi alilishona kwa misalaba iliyopandana, uzi juu ya uzi, mpaka ukipitisha kiganja unahisi miiba. Mbaazi zilizokuwa nyuma ya nyumba alizifanya mafundo madogo ya manjano. Aliniuliza mbaazi huchanua zote kwa pamoja au zinafuatana. Miaka yote ya kula mbaazi sikuwa najua, ikabidi nimuulize mwanamke anayeuza mboga nje ya duka.

Mambo yalikwama kwenye kona ya mto.

Munyiva alisema wazi: ukisimama mahali pa kuchotea maji, mto ulikuwa unapinda kwenda kulia. Nthenya alikuwa ameanza kuushona hivyo siku ambayo Nzau, ndugu mdogo wa marehemu baba yake, alipita pale nyumbani Ndithini akaitazama ile kanvasi.

"Huu mto umeugeuza," akasema. "Ulikuwa unapinda kushoto."

"Ni mimi niliyemwambia kulia, shemeji," Munyiva akajibu kwa upole.

"Basi umesahau, shemeji. Nimechunga mbuzi pale miaka tisa. Kushoto."

"Nimechota maji pale miaka kumi na mbili."

Wenyewe ni watu wanaoheshimiana sana. Hakuna aliyepaza sauti. Lakini Nzau hakumaliza chai yake, na kwa miezi kadhaa akawa akifika pale anasimama nje, anasalimia, anaenda. Nthenya alifumua kona ya mto. Akashona kila kitu kilichoizunguka na kupaacha pale katikati pakiwa kanvasi tupu, pana kama sahani. Na udongo bado. Kwa hiyo picha ilikuwa na mbingu, maji, boma na mbaazi zikielea hewani, bila ardhi. Aliikunja akaiweka kwangu dukani, juu ya rafu ileile ya robota. Alisema akiiweka kwake haimwachi alale.

Ilikaa hapo karibu mwaka mzima. Kisha ukaja mwaka wa 2000, ule wa ukame na mgao wa umeme, wakati mafundi wote wa mtaa wetu waliporudia cherehani za miguu. Watu waliotoka Masinga walikuja sokoni na habari kwamba maji ya bwawa yamerudi nyuma kuliko walivyowahi kuona, na visiki vya zamani vimejitokeza. Nthenya aliingia dukani akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni.

"Mama Kahiga, maji yameshuka. Kwetu kumetoka nje."

Sikuwa na sababu yoyote ya kwenda. Sio kwetu, na Jumamosi ndiyo siku ya biashara. Lakini nilikuwa nimebeba rangi ya udongo ule kichwani kwa miaka miwili, nikaona nikibaki nitajuta. Nilifunga duka.

Tulikuwa wanne: Nthenya, mama yake, Nzau na mimi. Nzau alikuja na panga na fimbo, akatembea mbele yetu hatua kama ishirini, bado hana maneno mengi. Tuliteremka mahali ambapo ukingo wa maji ulikuwa zamani, tukaanza kutembea juu ya matope yaliyokauka na kupasuka, nyufa za kuingia mguu. Kulikuwa na makombe meupe ya konokono kila mahali, yanalia chini ya viatu. Visiki vya migunga vilikuwa vimesimama vyeusi. Na mbali, chini kabisa, Tana yenyewe ilikuwa imerudi kwenye njia yake, nyembamba.

Kila kitu kilikuwa kijivu. Ardhi yote, mpaka macho yanapoishia, kijivu cha vumbi la simenti.

Munyiva alikuwa ameanza kutembea kwa haraka, kama mtu anayekwenda kwake. Alipita visiki viwili, akakata kona, akasimama. Akarudi. Akajaribu upande mwingine. Halafu akatugeukia, uso wake umekuwa wa mtoto.

"Sijui niko wapi," akasema.

Ni Nzau aliyepaona. Alikuwa akichokonoa kwa fimbo, na fimbo ikagonga jiwe, na kando yake jiwe jingine, na jingine, mstari uliopinda. "Zizi la ndama," akasema. "Mimi na kaka tulibeba haya mawe. Shemeji, njoo. Mlango wa nyumba ulikuwa unaangalia hapa."

Munyiva alikuja akasimama alipoonyeshwa. Akatazama chini kwenye mto, kwa muda mrefu. Sote tukatazama. Mto ulikuwa unapinda mara moja tu, kona kubwa moja, na sisi tulikuwa tumesimama karibu na tumbo lake.

"Simama nilipokuwa nachota," Munyiva alimwambia Nzau, "unioneshe kushoto kwako."

Nzau alishuka kidogo, akageuka kufuata maji yanakokwenda, akanyoosha mkono. Kweli, mto ulikuwa unapinda kushoto. Munyiva akashuka akasimama kando yake, lakini yeye akageukia kule maji yanakotoka, na akanyoosha mkono wake. Kulia. Kona ilikuwa ileile.

Walitazamana. Nzau ndiye aliyeanza kucheka.

"Mbuzi wangu walikuwa wanateremka," akasema. "Niliwafuata."

"Na mimi nilikuwa na ndoo na mtoto," Munyiva akasema. "Mvua ikinyesha kule juu kwa akina Mama Kahiga, maji yanakuja bila kubisha hodi. Ungetaka niangalie wapi?"

Nthenya hakucheka nao. Alikuwa amechuchumaa na kadi yake ya nyuzi, anaiweka juu ya ardhi, anaihamisha, anaiweka tena. Vipande vyote vya kahawia na vyekundu tulivyokusanya vilikaa pale juu ya kijivu kama makosa. Nilifikiri atalia. Nikaenda karibu nimshike bega. Aliinua kichwa, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Baba mdogo," alimwita Nzau, "haya matope yalitoka wapi?"

"Yaliletwa na mto. Miaka ishirini yanashuka chini ya bwawa."

"Kutoka wapi?"

Nzau akanielekezea fimbo. "Murang'a."

Hata mimi nilicheka. Nilikuwa nimesafiri kutoka Machakos kuja kukanyaga shamba la babangu.

"Basi huu sio udongo wetu," Nthenya akasema. "Wetu uko chini."

Akaomba panga. Alichimba pale ndani ya mstari wa mawe, Nzau akimsaidia kuzoa kwa mikono. Kijivu kilienda chini, kikawa laini, kikawa na unyevu, kikaanza kunuka samaki. Nthenya alilala kifudifudi ili mkono ufike. Ulipoingia karibu wote hadi begani akasema, "Hapa ni mahali pengine," na akatoa konzi moja.

Ulikuwa wa kahawia iliyokolea, na ukiuvunja ndani kuna wekundu, kama mkaa ambao bado haujazima. Nthenya alimpa mama yake. Munyiva aliukunjakunja kwa vidole, akaunusa. Kisha, mbele yetu sote, akauweka ulimini.

"Mwaitu!" Nthenya akashtuka, kwa lugha yao, kama mtoto anavyomwita mama.

Munyiva alitafuna taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga.

"Nikiwa na mimba yako nilikuwa nautoa hapa ukutani mwa zizi, kila siku, baba yako akinigombeza. Ndio huu." Akatema kidogo, akajipangusa. "Ulikuwa mtamu zaidi."

Tulirudi na mfuko wa nailoni wenye udongo kama kilo mbili.

Hakukuwa na uzi wa rangi ile dukani kwangu wala Nairobi, hilo nilikuwa naliona hata kabla ya kuutafuta. Ukiwa umelowa unafanana na mmoja, ukikauka unafanana na mwingine. Ni Nthenya aliyesema tuache kutafuta uzi unaofanana nao, tuutie uzi mweupe udongo wenyewe. Mama yake alikuwa akichemsha magome ya mti fulani kutia rangi katani za vyondo, akatupatia furushi. Tulichemsha vyote pamoja nyuma ya duka kwa sufuria ambayo sijaitumia tena kwa chakula. Mara ya kwanza sufu ilitoka karibu nyeusi. Mara ya pili tulipunguza magome, ikatoka na mabaka, pengine imekolea, pengine imepauka. Mimi nilitaka kurudia.

"Acha," Nthenya akasema. "Shamba gani liko rangi moja?"

Aliishona ardhi yote kwa uzi ule wa mabaka, mishono mifupi iliyosimama, mstari ukianzia katikati ya uliotangulia kama matofali. Hakuchagua kipande kipi kiende wapi. Aliuacha uzi uamue, na kivuli kikatokea mahali ambapo hakuna aliyekipanga, kando ya zizi, kama cha mti. Munyiva alipokiona baadaye alisema mti ulikuwepo. Mimi sijui kama ulikuwepo. Kona ya mto aliishona mwisho, akiwa ameigeuza kanvasi ubavu, ili asiamue ni kushoto au kulia.

Kufikia wakati huo mvua zilikuwa zimerudi na bwawa limejaa tena. Seremala alitupigia fremu, na mwezi wa Aprili mwaka uliofuata tukaipeleka Ndithini, ikatundikwa sebuleni mkabala na mlango. Nzau ndiye aliyepigilia msumari. Munyiva aliandaa chai na mandazi, na majirani wakaja, wengi wao watu waliohama siku zilezile.

Nilitarajia wasifu kazi ya mikono. Hakuna aliyeisifu. Walisimama mbele yake, wengine wakigusa boma na kurudisha kidole. Kisha mama mmoja mzee, Wayua, akasogea mpaka ukutani. Aliufuata mto kwa kidole kutoka katikati ya picha, akafika kwenye fremu, akaipita, akaendelea juu ya ukuta mtupu wa matofali kama hatua moja, akasimama.

"Kwetu kungekuwa hapa," akasema.

Mwanamume mmoja nyuma yake akasema, "Basi kwa Mwangangi ni hapo juu ya dirisha." Mwingine akabisha kwamba dirisha ni mbali mno, kanisa lilikuwa katikati. Wakaanza kusongana, kila mtu na mkono wake ukutani, mwenye nyumba huku, mwenye kisima kule, mmoja akipiga magoti kutafuta kwake karibu na sakafu, na Munyiva akiwaambia wasipake ukuta wake mafuta ya mandazi.

Nthenya alikuwa amesimama kando na birika la chai mkononi. Alisahau kumimina. Alimkaribia yule bibi mzee, Wayua.

"Shosho, kwenu mlikuwa na miti gani?"

Wayua akaanza kueleza. Nthenya akaweka birika chini, akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Mama Kahiga," akaniita juu ya vichwa vyao, "lile robota la kanvasi limebaki kiasi gani?"